Mafunjo Yasiyo na Mizizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi tatu: kujaza maji mapipa mawili, kuwasha makaa ya pasi, na kutenganisha nguo nyeupe na za rangi. Mama yake alikuwa dobi. Uani kwao kulikuwa na kamba sita za kuanikia, meza ndefu ya kupigia pasi, na harufu ya sabuni ambayo haikuondoka hata siku ya mapumziko. Wateja walikuwa wa kila namna. Manesi walileta magwanda meupe, hoteli ilileta mashuka kwa magunia, na mafundi magari walileta ovaroli zenye grisi nyingi kiasi kwamba ukiziweka chini zilisimama zenyewe.

Jina la msichana huyo lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Mtaani na shuleni wote walimwita Najua, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Mwalimu akianza kueleza somo jipya, yeye husema anajua. Mama akitaka kumwonyesha namna ya kukunja kola, husema anajua, kisha huikunja kinyumenyume. Siku moja jirani alimwuliza kama anajua kukamua mbuzi. Alisema anajua, akachukua kikombe, akaenda bandani. Alirudi baada ya nusu saa na kikombe kitupu na alama ya kwato kwenye goti. Mbuzi mwenyewe alikuwa beberu.

Haikuwa kwamba alipenda kudanganya. Neno "sijui" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na "najua" lilipita kwa urahisi kama uji.

Taabu ilianza na maji ya kufulia. Yalitoka uani kwa kijifereji, yakavuka ukuta, yakatuama katikati ya njia. Hapo palifanyika dimbwi la kijivu lenye mapovu juu na mbu pembeni. Majirani walinung'unika kwa adabu kwa muda mrefu, maana mama dobi aliwafulia wengi wao. Lakini ikatokea mteja wa kinyozi wa ng'ambo ya njia, akiwa amenyolewa upande mmoja tu, alitoka nje kupokea simu, akateleza, akakaa ndani ya dimbwi mpaka kiunoni. Alikwenda kushtaki vilevile alivyo, na kichwa chake nusu. Siku ya tatu bwana afya akaja.

Bwana afya alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Alizunguka dimbwi mara mbili, akachungulia viluwiluwi vya mbu, akaandika. Kisha akamwambia mama, bila ukali, kwamba anampa wiki sita. Maji yasipopata njia nzuri, atalazimika kuufunga uwanja huo wa kufulia. Mama aliishika meza ya pasi kwa mikono miwili. Hakuwa na kazi nyingine, wala hawakuwa na mtu mwingine wa kuwategemea.

Bwana afya aliliona hilo, akaeleza njia iliyopo. Wachimbe mfereji mpana wenye urefu wa hatua nane, waujaze kokoto na mchanga, kisha wapande mafunjo ya kienyeji. Maji ya sabuni yatapita polepole chini, kati ya mizizi, uchafu ubaki humo, na mbu wasipate maji ya wazi ya kutagia. Alikwisha kuona mfereji kama huo nyuma ya hospitali, na ulikuwa ukifanya kazi vizuri.

"Ila lazima yawe mafunjo yenyewe," alisisitiza. "Kule bondeni kuna mimea mingi inayofanana nayo, na mingine ni mikorofi, ikiingia inaziba kila kitu. Mnayajua mafunjo?"

Mama alifungua mdomo aseme hapana.

"Nayajua," alisema binti yake.

Bwana afya akafurahi, akaandika hivyo kwenye ripoti yake, akaenda zake.

Wiki nzima walichimba. Kinyozi alisaidia kubeba kokoto, kwa sababu alikuwa amechoka kuwaeleza wateja wake kwamba njia ya kwake si ya hatari. Mfereji ulipokuwa tayari, Najua alishuka bondeni na mundu na gunia. Alisimama ukingoni, akatazama. Mbele yake kulikuwa na majani membamba, majani mapana, fito, mabua, na vitu virefu vya kijani ambavyo vyote viliinama kwa upepo kana kwamba vinamsalimia mtu aliyepotea. Vyote vilikuwa mafunjo. Au hakuna hata kimoja.

Njiani kuelekea bondeni aliishi bibi mmoja msusi wa mikeka, mwenye vidole vya haraka na subira ndogo. Mikeka yake aliisuka kwa mafunjo, na mtu yeyote mwenye akili angemwuliza waziwazi. Najua alikwenda, akamwamkia, akakaa mkekani kana kwamba amekuja kupumzika tu. Alizungumza habari za joto. Kisha akasema kwa mbali kwamba kuna watu wengine, si yeye, ambao huwa wanachanganya mafunjo na mimea mingine.

Bibi huyo alikuwa na desturi ya kubana nyuzi za mafunjo kati ya meno ili zisikauke wakati anasuka. Siku hiyo alikuwa na nyuzi saba mdomoni. Bila kuinua uso alijibu: "Fina fifiro fa fundo. Uchyang'oe ng'a michichi."

Najua alitega sikio, akapata alichoweza kupata: shina lililo na fundo, na usiyang'oe mizizi. Moyo ulimwambia amwombe bibi arudie. Ulimi ukasema, "Ndivyo, bibi. Nilikuwa najua." Akaaga.

Bondeni alitafuta mmea wenye mafundo, akaupata bila shida: mashina marefu, magumu, yenye vifundo kama vya mwanzi. Hayo yalikuwa matete. Aliyakata juu ya ardhi kwa uangalifu mkubwa, asije akaigusa mizizi, akajaza gunia. Nyumbani mama alitaka kusaidia kupanda, lakini akaambiwa kwamba kupanda ni kazi ya utaalamu. Kwa kuwa mashuka ya hoteli yalikuwa yakimsubiri, mama hakubisha. Hadi jua linazama, mashina hamsini yalikuwa yamesimama ndani ya mfereji, yamenyooka kama wanafunzi mstarini. Mama aliyatazama, akamwita binti yake mwanasayansi wa nyumba.

Siku ya tatu matete yalianza kunywea. Siku ya nne yalikuwa ya njano, na matano yalikuwa yamelala. Hapo ndipo Najua angeweza kusema neno moja na mambo yakaishia hapo. Lakini mama alikuwa amekwisha kuwaambia manesi, manesi wamewaambia wapishi, na mafundi magari walikuja wote pamoja kuuona mfereji. Aliona aibu. Alfajiri ya siku ya tano akateremka bondeni, akakata mashina mapya, akachomoa yaliyokufa na kuchomeka ya kijani mahali pake, kabla mama hajatoka nje.

Alfajiri iliyofuata akafanya hivyo tena. Na iliyofuata.

Ikawa kazi ya nne, nzito kuliko zile tatu. Shuleni alianza kusinzia. Mwalimu wa hisabati alimwuliza saba mara nane, naye akajibu, amefumba macho, "Matete." Mbaya zaidi, hakuwa akipima urefu. Asubuhi moja mama alisimama mbele ya mfereji na beseni kichwani, akashangaa jinsi mafunjo yalivyorefuka kwa mkono mzima katika usiku mmoja. Kesho yake yalikuwa yamefupika. Mama akamwuliza binti yake sababu. Najua alieleza, bila kupepesa, kwamba mafunjo hujikunja kwa baridi. Mama alikubali, akawa anawasimulia wateja jambo hilo kama ajabu ya dunia.

Mwisho wa wiki ya tatu bwana afya alipita kukagua, bila taarifa. Ilikuwa saa kumi jioni, Najua ametoka shule na mama anapiga pasi. Bwana afya aliinama juu ya mfereji, akaanza kusema kitu kuhusu mafundo aliyoyaona kwenye mashina. Hakumaliza. Bata wa kinyozi, ambaye kwa kawaida hakujishughulisha na mambo ya watu, aliingia uani, akauma shina moja, akalivuta. Shina likatoka bila ubishi. Bata akaondoka nalo, likiburuta nyuma yake kama fimbo ya mzee.

Bwana afya alimtazama bata. Kisha akashika shina la pili kwa vidole viwili, akalivuta. Likatoka. La tatu nalo likatoka. Chini ya kila moja palikuwa pamekatwa kwa mundu, safi, bila hata unywele wa mzizi.

Mama aliiweka pasi kwenye kibao chake.

"Binti," bwana afya aliuliza kwa upole, "haya ni mafunjo?"

Najua alitazama miguu yake.

"Sijui," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia ili isikike. "Sijui. Sikuyajua tangu siku ile ulipouliza. Nimekuwa nikiyabadilisha kila asubuhi."

Mama alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Alikumbuka habari ya mafunjo kujikunja kwa baridi, na watu wote aliowasimulia, akajifunika uso kwa shuka la hoteli. Najua alidhani analia, akaanza kulia yeye. Bwana afya alifunga daftari lake. Alisema wiki tatu zimebaki, na hana mamlaka ya kuongeza hata siku moja. Akaongeza kwamba mfereji wenyewe umechimbwa vizuri, na kama wataanza kesho, wanaweza kuwahi.

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia tu kwamba kesho, baada ya shule, watakwenda pamoja kwa mtu anayejua, na kwamba huko yeye Najua ndiye atakayesema.

Basi kesho yake msichana alisimama mbele ya msusi wa mikeka, mama akiwa nyuma yake, akaeleza yote: kwamba hakujua, kwamba aliona haya kuuliza, kwamba hakuelewa alichoambiwa lakini akajifanya ameelewa. Bibi alizitoa nyuzi mdomoni moja baada ya nyingine ili ajibu vizuri.

"Nilisema shina lisilo na fundo," alisema. "Na nilisema uyang'oe na mizizi."

Kisha bibi akaanza kucheka, akacheka mpaka mkeka aliokuwa akiusuka ukafumuka upande. Alipopata pumzi alieleza kilichomfurahisha. Matete ndiyo ile mimea mikorofi aliyoisema bwana afya. Yangeshika mizizi mahali penye maji ya sabuni, yangeuziba mfereji, yakabomoa ukuta, yakahamia kwa kinyozi. "Ulikosea mmea, ukakosea na kupanda," alisema, "kosa la pili likakuokoa na la kwanza. Usitegemee bahati hiyo mara mbili, mjukuu wangu."

Wote watatu wakashuka bondeni. Bibi aliingia kwenye tope mpaka magotini, akakata mashina matatu tofauti, akampa Najua ayapapase huku amefumba macho. La kwanza lilikuwa na vifundo, na ndani lilikuwa tupu kama filimbi: hilo tete. La pili lilikuwa na kona tatu kali zilizokwaruza kidole: hilo ni jamii ya ndago, nalo si baya, ila halikuwa walilolitaka. La tatu liliviringika kati ya vidole kama penseli, laini, bila fundo wala jani, na lilipopasuliwa ndani lilikuwa na kitu cheupe kama sifongo. Karibu na ncha yake, upande mmoja, lilikuwa na kishada cha vimaua vya kahawia.

"Hilo ndilo funjo letu la mikeka," alisema bibi.

Najua alilishika kwa muda. Kisha akauliza kwa nini lina sifongo ndani. Akajibiwa kwamba hewa hupita humo kushuka mpaka mizizini, kwa sababu ndani ya matope hakuna hewa. Akauliza kama wang'oe lote. Hapana, wachukue kipande kidogo kutoka kila kichaka ili bonde lisibaki kipara. Akauliza mizizi minene ikatweje. Akaonyeshwa: kila kipande kiwe na macho mawili au matatu, yale machipukizi meupe yenye ncha. Akauliza kwa nini shina lifupishwe hadi shubiri moja. Ili lisipoteze maji kabla mizizi haijashika. Akauliza wapande kina gani, waache nafasi kiasi gani, wamwage maji mengi au machache. Alikuwa kama mtu aliyekaa na njaa miaka kumi na miwili, halafu akaonyeshwa chakula. Kufika swali la ishirini na saba, bibi alizirudisha nyuzi zote saba mdomoni ili apumzike.

"Bibi, samahani," alisema Najua, "hapo sikusikia. Naomba urudie."

Bibi alimkodolea macho, akazitoa tena.

Siku hiyo mama mwenyewe alipanda pamoja na binti yake. Walitandaza udongo wa bondeni juu ya kokoto, wakalaza kila kipande macho yakitazama juu, umbali wa shubiri mbili, wakaacha maji yalowanishe tope bila kufunika machipukizi. Kinyozi alikubali kumfungia bata wake. Aliahidi kwa uso wa mtu anayetetea jamaa yake, akisema yule bata ndiye mkaguzi hodari kuliko wote waliowahi kupita mtaani.

Kisha kazi ngumu kuliko zote ikaanza, nayo ilikuwa kungoja. Siku ya kwanza kulikuwa na tope na vijiti. Siku ya tano kulikuwa na tope na vijiti. Najua alitamani kuchomoa kimoja aone kama kimeota, na mama alimkumbusha kwamba kitoto hakikui kwa kutolewa kitandani kila saa. Wateja waliuliza ajabu ya baridi imefikia wapi. Mama aliwaambia ukweli, kwamba ule ulikuwa uongo na sasa wanaanza upya. Baadhi walicheka, na nesi mmoja alisema afadhali, maana alikuwa amemsimulia daktari.

Siku ya kumi, Najua akimwaga maji, aliona ncha ya kijani, ndogo kama sindano, kando ya kijiti cha tatu. Aliinama mpaka pua ikagusa tope. Akaona nyingine. Hakumwita mama kwanza. Alizihesabu mara mbili ili awe na hakika. Zilikuwa kumi na moja.

Bwana afya alirudi siku ya mwisho ya wiki ya sita. Mafunjo yalikuwa hayajavuka goti, ila yalikuwa ya kijani kweli, na mengine yalikuwa yameanza kujazana. Alichota maji katika chupa mbili, moja yanapoingia na moja yanapotoka. Ya kwanza yalikuwa ya kijivu kama moshi. Ya pili hayakuwa ya kunywa, lakini uliweza kuona kidole upande wa pili. Njiani dimbwi lilikuwa limekauka. Bado bwana afya hakuridhika. Alikunja mikono ya shati, akachagua funjo moja, akalivuta kwa vidole viwili. Halikutoka. Akalivuta kwa mkono mzima. Halikutoka. Akajiegemeza nyuma, akavuta kwa heshima yote ya kazi yake. Funjo likabaki, mkono ukateleza, na yeye akakaa kwenye tope na kalamu zake nne.

Mama na binti wakamwinua. Alijitazama suruali, akamwuliza mama kama anaweza kuifua. Kisha akaandika hapohapo, kwa kalamu yenye tope, kwamba uwanja wa kufulia uendelee.

Alipokwenda, kulikuwa na mashuka ya hoteli ya kukunjwa. Mama alishika ncha mbili, Najua akashika mbili, wakasogeleana na kuachana kama wafanyavyo siku zote. Katikati ya shuka la nne mama akasema, "Unajua kwa nini ulichoka vile zile wiki mbili?"

"Sijui, mama."

"Kwa sababu uongo hauna mizizi, mwanangu. Ukiuchomeka leo, kesho umenyauka, inabidi ukatafute mwingine, na kesho kutwa mwingine, maisha yako yote. Ukweli unauma siku ya kuupanda tu. Ungesema hujui siku ile, bwana afya angekuelekeza kwa dakika moja, nasi tungelala usingizi. Asiyejua akauliza ni mjinga wa dakika moja. Asiyejua akanyamaza, huo ujinga anauhamishia nyumbani, anaulaza na kuulisha."

Najua aliyatafakari maneno hayo mpaka shuka likawa dogo mikononi mwao. Mama akalipokea, akalipanga juu ya mengine, akanyoosha mkono kuchukua jingine.

"Mama," alisema msichana, "na kola, inakunjwaje hasa?"

Mama akaliacha shuka, akachukua gwanda la nesi, akalilaza mezani, akamwonyesha.